Diski Zilizonukia Asumini

Tangu Jumamosi sijatulia, na ni heri niwaambie mwenyewe kabla hamjayasikia Mji wa Kale.

Nilibadilisha diski za breki za mbele za gari letu mwenyewe, nyumbani Buxton. Mke wangu, Zuhura, alinionya: "Mpe fundi, Swaleh. Kesho wampeleka mama harusini." Nikamjibu kuwa fundi naye ana mikono miwili tu.

Kazi ilikwenda vizuri. Lakini diski ziling'aa mno, nikaanza kuwaza jinsi chumvi ya bahari inavyokula vyuma vyetu. Bawaba za milango tunazipaka mafuta, kwa nini si hizi? Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi kwenye kabati la Zuhura, nikazipaka pande zote mbili.

Kesho yake mama mkwe aliketi mbele, Zuhura nyuma. Kwenye kona ya kwanza nilikanyaga breki, gari likaendelea. Nikapunguza gia, tukaendelea. Karibu na Biashara Street, mkokoteni wa madafu ulikata njia. Nikakanyaga kwa nguvu, nikavuta na breki ya mkono. Tukasimama shibiri moja tu kutoka kwenye mkokoteni, moshi ukifuka magurudumuni.

"Mwataka kuniua?" mwenye mkokoteni akafoka.

Mama mkwe hakumtazama. Alikuwa akinusa.

"Mbona kwanukia asumini?"

"Labda ni maua ya harusi, mama."

Akanigeukia polepole.

"Mwanangu, mafuta hayo ya nazi na asumini nimeyapika mimi, ya nywele za Zuhura. Umeyapaka wapi?"