Siku Binti Yangu Alipokabidhiwa Sega

Mimi shule niliishia darasa la nne, na silisemi kwa aibu, maana waliosoma mpaka chuo leo wananiomba kazi. Nilianza na asali ya chupa za soda, nikiwauzia abiria wa treni pale stesheni ya Tabora. Sasa ndoo zangu zinafika Dar, na ukifika Ipuli ukauliza nyumba yangu, mtoto yeyote atakupeleka. Binti yangu wa kwanza anasoma chuo kikuu. Huyo ndiye niliyekwenda kumwokoa siku ile nilipompakia garini twende Usinge, ingawa nilimwambia tunafuata mzigo wa asali.

Alikuwa amerudi likizo amekonda, mifupa ya shingo imetokeza. Mkononi alivaa saa inayopima mapigo ya moyo, usingizi na mwendo. Niliinunua mimi, alipofaulu, na mji mzima ulijua. Saa inapeleka habari kwenye simu, simu inampa alama kila jioni. Zisipotimia, kesho yake hali chakula. Mama yake aliniambia, "Mwanao atatufia huku anasema ana afya."

Njiani, tukiifuata njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani wakielekea ziwani, akaanza kusema.

"Baba, chuoni walikuja watu wa utafiti. Wa saikolojia. Wanawauliza vijana kuhusu hivi vifaa vya afya."

"Wanauliza nini?"

"Kama tunaviamini. Kama vinatusaidia au vinatutesa. Na kama mtu akikosea kidogo anajiona ameharibu kila kitu."

"Ukajibuje?"

"Nilimuuliza yule dada aliyenihoji jibu sahihi ni lipi. Akasema hakuna." Akaitazama saa. "Nilijibu, kisha nikaomba kurudia. Akakataa. Mpaka leo najua kuna mahali nimekosea."

Nilitaka kucheka. Nikaona uso wake, nikakanyaga mafuta tu.

"Punguza mwendo, baba. Mapigo yamepanda."

Sasa, warina asali ninaonunua kwao wana utaratibu wao. Kabla mzani haujatolewa, mwenye asali anakata sega, anakula yeye kwanza, kisha kila aliyeshuka garini anakula kutoka sega hilo hilo. Anayekataa amesema mbele ya watu kwamba asali ni mbovu, na mzigo haupimwi. Nilijua hilo, ndiyo maana nilimleta. Nimewashinda madalali wa Nzega wenye ndimi kama wembe. Saa ya mkononi ingenishindaje?

Mrina asali wangu, mtu wa makamo mwenye maneno, alinipokea kwa kicheko. "Tajiri, leo umekuja na bosi wako."

"Shikamoo," binti akasema.

"Marahaba, mama. Karibu." Akakata sega, akala. Nikala. Akamnyooshea kipande kwenye ncha ya kisu.

"Ahsante, mimi situmii vitu vitamu."

Vijana waliokuwa wakipanga ndoo wakasimama. Mwenyeji akaniangalia mimi, si yeye. "Tajiri, tumefanya biashara miaka yote hii. Leo umeniletea mtu wa kunitukana nyumbani kwangu?"

Nikajifanya nahesabu ndoo. Binti akatoa simu, akainyanyua huku na huku akitafuta mtandao. Haukuwepo.

"Baba, sijui niandike sukari kiasi gani kwenye simu."

"Andika kipande kimoja," mwenyeji akasema. "Au hiyo saa nayo ina njaa, tuikatie ya kwake?"

Watu wakacheka. Binti hakucheka. Akachukua sega, akalitia mdomoni, akafumba macho. Akatafuna polepole, na uso ukalegea. Nikamgeukia mwenyeji kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha binti akatema nta, akaondoka. Alikwenda kwa kasi kwenye barabara ya vumbi, jua la mchana kichwani, akageuka, akarudi, akageuka tena. Mwenyeji akaniita kwenye mzani. Sikwenda. Nikamfuata binti yangu, nikamshika mkono. Mshipa ulikuwa ukipiga chini ya kidole changu kama kitu kilichofungiwa.

"Unafanya nini?"

"Naisawazisha ile asali kwa hatua. Niache, baba."

"Vua hiyo saa."

"Sivui."

"Nimeinunua mimi."

"Ndiyo." Akahema. "Ukawaambia watu wote binti yako hakosei. Msikitini, sokoni, kwa wateja. Sasa nikikosea nitamwambia nani?"

Mimi ninayeweza kubishana bei mpaka muuzaji aombe maji, nikauachia mkono wake. Akaendelea kutembea, nami nikatembea kando yake na magoti yangu haya mabovu, vumbi likipanda mpaka kwenye suruali niliyopigiwa pasi asubuhi. Nyuma yetu watu walikuwa wakitutazama, na nikawaacha watazame.

Tulipolifikia gogo lililolala kando ya njia, akayumba. Nikamdaka, nikamketisha.

"Nimechoka, baba," akasema. Tangu arudi hakuwa ametamka neno hilo.

"Pumzika."

"Hesabu haijatimia."

"Isitimie."

Nikaketi chini, vumbini, karibu na miguu yake. Baada ya muda saa ikatetemeka kumwambia anyanyuke. Alijiinua nusu, akaniangalia, kisha akakaa tena.