Kisanduku cha Mwatum

Bi Zeyana alisomesha Kiingereza miaka thelathini na mbili. Alipostaafu alipanga kichumba Vuga, mjini Unguja, akawa anatafsiri vyeti na kuwajazia watu fomu. Magoti yalimuuma na macho yalimwaka, lakini kukaa nyumbani kulimchosha zaidi.

Siku moja baada ya adhuhuri aliingia Mwatum, mkulima wa mwani kutoka Makunduchi, viganja vimechanika kwa maji ya chumvi. Binti yake Salhiya, aliyeolewa Uingereza, alikuwa na mimba ya miezi sita, akamtaka mama yake aende amwangalie, naye akaja kujaziwa fomu ya viza.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Kaa kitako. Una mume?"

"Ninaye, na sinaye. Mume wangu, Usi, alikwenda Mafia, huu mwaka wa kumi na moja. Kaoa huko huko. Talaka hakunipa."

Bi Zeyana akapeleka kalamu kwenye neno separated. "Basi tutie hapa. Maana yake mmetengana."

"Tumetengana vipi? Tulikaa tukakubaliana?"

Bi Zeyana akamweleza kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi wake. Neno hilo, alisema, Waingereza hulitumia kwa maziwa yaliyokatika, na kwa mtoto aliyepoteana na mama yake sokoni. Kwa mke na mume maana yake kila mmoja yuko kwake na ndoa bado ipo. Aliyeondoka ni nani, neno halisemi.

"Basi silitaki," alisema Mwatum. "Mimi sikuondoka. Nipo nyumba ile ile. Kwa Kiswahili hakuna neno la kweli?"

"Lipo. Umetelekezwa. Lakini fomu haina kisanduku chake."

Mwatum akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Watu wakiniuliza nawaambia yuko safari. Nshachoka, Bi Zeyana. Nshachoka kumsafirisha."

Bi Zeyana akaiweka kalamu chini. Alikwishajaza mamia ya fomu pale, na watu waliweka alama popote alipowaonesha, wakaenda zao.

"Fomu itangoja," alisema. "Twende kwa Kadhi, ukaombe ndoa ivunjwe."

Madai aliyaandika mwenyewe, na kila siku ya kesi alikwenda naye, akapanda ngazi za mahakama huku ameshika ukuta. Usi aliitwa mara tatu, hakutokea. Mwezi wa tano wa kesi Kadhi akaivunja ndoa. Wakati huo Salhiya alikwishajifungua peke yake, na mjukuu Mwatum alimwona kwenye simu tu. Alilia siku mbili, akaenda mwanini.

Eda ilipokwisha alirudi Vuga na hukumu ndani ya mfuko wa plastiki. Bi Zeyana akamsomea neno jengine, divorced, akamwambia maana yake ni mtu ambaye ndoa yake imevunjwa kisheria.

"Hilo tia," alisema Mwatum.

Akaomba maji, akanywa bilauri mbili. Kisha akaegemeza kichwa ukutani, akalala pale pale kwenye kiti, na Bi Zeyana akaendelea kuandika polepole asimwamshe.