Leza Nayo Inakula

Mwalimu wetu wa kukata mbao kwa leza hashiki kipanya cha mwanafunzi hata umlilie. Hufunga mikono nyuma, huinama mpaka miwani inakaribia kugusa skrini, kisha huuliza kwa upole: "Mistari ya kukata ni ipi, dada? Na ya kuchora juu juu?" Mchoro ambao haujatenganisha nyekundu ya kukata na nyeusi ya kuchora haufiki kwenye mashine yake. Akisikia harufu ya mbao kuungua kupita kiasi, anasema bila kugeuka, "Kuna mtu kachora mstari juu ya mstari, leza inapita mara mbili," na huwa kweli.

Sanduku langu la kwanza lilitikisika kama kitanda cha wageni, maana meno ya kuungia niliyachora sawasawa na matundu yake. Wenzangu, ambao masanduku yao nayo yalilegea, wakakimbilia gundi. "Leza nayo inakula," akaniambia mwalimu. "Hukuiachia chake." Nikarudi kwenye mchoro, nikayanenepesha meno kwa upana wa unywele, kile kiasi cha mbao ambacho leza huunguza inapokata. Jana alilipokea sanduku la pili, akaligeuza juu chini, akalitikisa kwa nguvu karibu na sikio. Kimya. Hakunisifu. Aliwageukia wenzangu, akijitahidi kuficha tabasamu: "Jamani, hiyo gundi irudisheni kabatini."