Ubawa Juu ya Kitanda Chetu

Kwa miaka kadhaa mimi na mke wangu tulilala chini ya ubawa wa ndege ya vita. Sisemi kwa mafumbo. Ulikuwa ubawa wenyewe, wa kushoto, wa chini, umening'inizwa kwa kamba kwenye mbao za paa la chumba chetu cha uani huko Turffontein, mtaa wa jirani na migodi ya zamani ya dhahabu, na mtu mzima hakuweza kupita chini yake bila kuinama. Kila asubuhi kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa tumbo lake la kijivu, na kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa hasira. Tumeshahama pale, lakini hasira sijaiacha, na wala sina mpango wa kuiacha.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kizungu, fundi mstaafu, aliyekuwa akiiunda upya ndege hiyo ndani ya gereji yake. Kiwiliwili kiliijaza gereji mpaka pua ikachungulia nje, ndiyo maana ubawa ukahamia kwetu. Ilikuwa ndege ya zamani ya Kiingereza, ya kati ya zile vita kuu mbili: injini moja, mabawa mawili yaliyopandana, kiti cha rubani mbele, cha mwenye bunduki nyuma, na mabomu madogo chini. Watu wa hapa waliunda nyingi za aina hiyo kule Pretoria wakazipa jina la kongoni, na baba yake alikuwa mmoja wa waliozikaza bolti, hii ikiwemo. Yote hayo alinieleza siku ya kwanza, kabla hajaniuliza hata natoka wapi. Nilipomwambia natoka Kongo, upande wa Uvira, akasema ndege hizo zilipanda mpaka Kenya kupigana na Waitaliano, kwa hiyo sisi watu wa huko juu tunapaswa kuzishukuru. Kwake yeye, Kenya na Uvira ni mtaa mmoja. Nikatoa pesa ya kodi, kwa sababu mke wangu mjamzito alikuwa amesimama getini na mabegi, na chumba kilikuwa cha bei nafuu.

Unafuu ule ulikuwa na masharti yake. Ubawa hauguswi. Ndani hakuna kupika, maana mifupa yake ya chuma na bati jepesi ilivikwa kitambaa kilichopakwa dawa, na dawa hiyo ilinuka kama rangi ya kucha na kushika moto upesi. Wageni wengi, marufuku. Yeye mwenyewe aliingia wakati wowote bila hodi kuja kuukagua, akiupapasa kwa kiganja huku mke wangu amekaa kitandani ananyonyesha. Hakumsalimu hata siku moja. Mzee hana mshipa wa aibu, nilikuwa nikisema, na mke wangu akinijibu kwa Kiswahili chetu cha kule: "Papa, huyu muzee anapenda hii kintu kuliko anapenda bantu." Nilimwambia avumilie. Nilijiambia mimi mwenyewe pia, ila mimi sikujisikiliza.

Kisha, katikati ya baridi ya mwezi wa saba, baba yangu akafariki. Mdogo wangu alipiga simu kutoka Uvira, akashindwa kusema, nikaelewa kwa kule kushindwa kwake. Sikuweza kwenda. Mimi ni mkimbizi, na mkimbizi akirudi alikokimbia, karatasi zake huku zimekwisha kazi. Kwa hiyo nilimzika baba yangu kwenye simu. Wadogo zangu walipoinama kuinua jeneza, picha ikaganda. Iliporudi, udongo ulikuwa umeshafunika kila kitu na watu wanakung'uta viatu. Sikulia. Watu kanisani walinisifu kwamba nimejikaza, lakini haikuwa kujikaza. Nilikuwa nimekauka kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke kwa nani.

Kilichobaki kwangu kilikuwa kilio. Kwetu, kilio hukaa nyumbani kwa mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni mimi. Vyombo hutolewa nje, mikeka na magodoro hutandikwa chini, wanawake huja kuketi na wafiwa, huimba, hulala hapo hapo mpaka siku ya kuondoa kilio. Mwenzetu mmoja wa kanisani alinipa nyumba yake ya ghorofani Joubert Park, kwa moyo mweupe kabisa, nami nikamkatalia kwa ukali ambao hakustahili. Jeneza sikulishika. Kama na kilio nacho ningekipeleka kwa watu, basi ningekuwa nimemfungia baba yangu mlango.

Nikaenda gereji.

"Baba yangu amefariki," nilimwambia mwenye nyumba. "Kesho watu watakuja kulia pamoja nasi. Naomba tuushushe ubawa kwa siku chache, tuufunike kwa turubai hapa uani."

Alikuwa ameshika spana, na hakuiweka chini. "Pole," alisema. "Watu wangapi?"

"Wengi."

"Basi wakalie kanisani. Ubawa haushuki. Vumbi la migodi litaharibu kitambaa."

"Huyu ni baba yangu, mzee."

"Na ule ni wa baba yangu," akajibu. "Naye amekufa pia, na sikumpigia mtu kelele."

Nilimwambia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia, nikayasema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu hakina matusi ya kutosha. Akageukia ndege yake akaendelea kukaza.

Kesho yake watu wakaja hivyo hivyo. Walikuja mafundi cherehani, wasusi wenzake mke wangu, na walinzi waliotoka zamu moja kwa moja na sare zao. Wanaume walitoa kitanda nje, wanawake wakaingia wameinama, wakajibana chini mikono imekumbatia magoti. Walipotaka kusimama waimbe, mama mmoja mkubwa wa kwaya akajigonga paji la uso kwenye ubawa hata kamba zikalia. Akajishika kichwa, akautazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Hii ni nini? Tunalilia muzee chini ya ndege ya vita?" aliuliza, akawageukia wanaume. "Ba papa, mutoe hii kintu."

Hakuna aliyengoja ruhusa yangu. Mafundo yalifunguliwa, ubawa ukashuka mabegani mwa wanaume, na mimi, bila mtu kuniambia, nikajikuta mbele. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani miaka yote ile, na hata hilo liliniudhi. Tuliuinamisha kuupitisha mlangoni. Nyuma yetu wanawake, sasa wamepata pa kusimama, wakaanza wimbo wa maziko. Uani kulikuwa na kamba za nguo na mfereji wa maji machafu, tukalazimika kwenda polepole, na wale wanaume, ambao wameshabeba wafu wengi, wakaingia kwenye hatua ile ile ya kwenda makaburini. Bega langu likalemewa. Hapo ndipo kilio kiliponipata. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeachwa sokoni, na sikujali nani ananiona.

Mwenye nyumba alitoka mbio jikoni kwake, akipiga kelele twende taratibu. Akaudaka ubawa kwa nyuma, akawa anatembea nasi, yeye peke yake nje ya hatua. Tuliulaza juu ya kitanda chetu, pale pale uani juani. Alipoinua macho akaona uso wangu umelowa, akabadilika rangi.

"Umevunja nini?" aliuliza.

Akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuupapasa ubavu kwa ubavu.

"Baba yangu amekufa," nilimwambia.

"Hilo uliniambia jana," alisema bila kuinua kichwa. "Nauliza umevunjika wapi."