Mvua ya Chumbani kwa Baba Mkwe

Mimi nina mdomo. Kwetu Susuni walisema nilizaliwa nikigomba. Nilipoolewa huku Ringwani, mdomo huo ukapata kiboko chake: baba mkwe. Mkamwana haingii chumbani kwa mzee, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao, ng'o!

Mama mkwe akafariki. Mume wangu yuko kazini mbali, kwa hiyo tukabaki mimi na mzee. Asubuhi moja nikakuta shuka lake mlangoni, limelowa, limekunjwa vizuri. Mzee akakohoa kutoka ndani.

"Mkamwana, mvua imeingia mpaka kitandani."

Mvua gani, jamani! Kilikuwa kiangazi, nje vumbi tupu.

"Mabati yamezeeka, Baba," nikamjibu, nikachukua ndoo.

Tangu hapo mvua ikawa ya kila siku. Nilifua na kuanika nyuma ya nyumba, majirani wasione. Nilimwonea huruma sana, mzee aliyekuwa akiswaga ng'ombe wengi peke yake.

Kisha nikaanza kumsikia akigugumia kwa maumivu. Nikasema potelea mbali, nikampeleka mjini Mugumu kwa daktari.

"Mzee anasumbuliwa na nini?" daktari akaniuliza mimi.

"Kiuno," nikasema. "Na usiku halali vizuri."

Daktari akashika kalamu aandike dawa za kiuno. Nilijua tukirudi na vidonge hivyo mzee ataendelea kuteseka, pengine tutamzika kwa sababu ya adabu yangu. Nikafungua mdomo. Neno likagoma. Mimi huyu, ninayegombana na wauza dagaa soko zima linasikia!

Mzee akaniangalia nikitokwa jasho. Akaegemea fimbo yake, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe:

"Daktari, mwache huyu mtoto. Ni mimi ninayekojoa kitandani. Mkojo unanitoka wenyewe, na unaniuma. Huyu ananifulia kila siku na hajawahi kunicheka."

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia yeye, akaanza kumuuliza taratibu. Mimi nikainuka nitoke nje, macho chini, kama heshima inavyotaka.

"Kaa, mwanangu," Baba akasema. "Aibu nimeshaibeba mimi. Wewe sikiliza dawa."