Mkwe Wangu Darasani

Mwalimu mkuu alipotutangazia kwamba mtafiti kutoka kituo cha utafiti cha Alupe angekuja kila Jumatano kufundisha sayansi kwa vitendo, tena katika darasa langu, nilifurahi kupita kiasi. Shule yetu iko nje kidogo ya Malaba, na watoto wa gredi ya nane walikuwa wameiona hadubini kwenye kitabu tu. Mimi mwenyewe niliigusa mara ya mwisho nikiwa chuoni. Mwalimu mkuu akasema mgeni njoo mwenyeji apone, sote tukapiga makofi.

Jumatano ikafika. Nikiwa mlangoni pa darasa nikamwona mgeni akishuka kwenye boda na masanduku yake mawili. Ala! Alikuwa yule kijana wa Angurai aliyekuwa akimposa binti yangu.

Hapo lazima nieleze. Mimi ni Mmarachi, na nilivyolelewa, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima. Na kwao kijana, Wateso, pia nimekuta wakwe wakiogopana vivyo hivyo. Watu wake walikuwa wamekuja kwangu mara moja kujitambulisha, nami nikakaa jikoni muda wote, ingawa nilimchungulia dirishani, na mama mkwe akikwambia hajawahi kuchungulia, huyo anakudanganya. Walikuwa wakingoja jibu letu. Baba ya binti yangu alishatutoka, kwa hivyo jibu lilikuwa mikononi mwangu.

Jioni nilimweleza binti yangu, nikidhani atashtuka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kijana mwenyewe hakuwa amejua anatumwa shule gani. Kisha binti yangu akaacha kucheka. Dada yake mkubwa alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwa mumewe na mtoto mgongoni na jino limevunjwa, na tangu siku hiyo huyu mdogo haamini maneno matamu.

"Mama, sasa utamwona vizuri," akaniambia. "Ukisema ni mtu, nitaolewa. Ukisema si mtu, namwacha."

Mzigo gani huo! Mtu uliyekatazwa kumtazama utamjuaje? Nililala nimechanganyikiwa, nikaamka nimechanganyikiwa zaidi.

Asubuhi ile ya kwanza kijana alikuwa amewasalimia walimu wote kwa mkono. Alipofika kwangu na kutajiwa jina langu, aliweka mikono nyuma, akainama kidogo, akapita kando. Mwalimu mkuu aliona. Yeye ametoka mbali, hajui mambo yetu, akaniita pembeni kuuliza kama tumegombana. Nikamweleza. Akasema shule si boma la mtu, na kwamba ratiba inasema mwalimu wa darasa awe ndani wakati wote wa somo. Basi nikawa ndani, lakini nyuma kabisa, kando ya mlango, na mkwe wangu mbele ubaoni.

Tulifundisha hivyo kwa wiki kadhaa. Akitaka maji, alisema, "Mwambieni mwalimu atuletee maji." Nami nilisikia vizuri sana, lakini kuna msichana mmoja mwenye mdomo aliyejipa kazi ya tarishi. Alikuwa anageuka na kuniambia ati madam, anasema ulete maji. Nami namwambia amuulize ni ya bomba au ya kisima. Swali linatembea mpaka mbele, jibu linarudi, na lori zinapiga honi huko barabarani. Watoto walifurahia mchezo huo kuliko hadubini. Kama nilihitaji kumpa kitu, nilikiweka mezani na kuondoka, kisha yeye akaja kukichukua.

Kwa hivyo nilijua viatu vyake na mikono yake. Viatu vilikuwa vimetiwa rangi vizuri hata siku za matope. Mikono ilipangusa vioo polepole. Mtoto mmoja aliangusha hadubini ndogo ikavunjika kioo, nami nikakaza macho nione atafanya nini. Hakufoka. Alikusanya vipande, akamwambia mtoto asiviguse, akaendelea na somo. Nikafurahi. Halafu nikajiuliza: ni mpole kweli, au ni mpole kwa sababu mama mkwe yuko mlangoni? Ni mwanamume gani atakayefoka mbele ya mama mkwe kabla hajapewa jibu? Hata yule aliyemvunja binti yangu mkubwa jino aliwahi kunichotea maji kisimani, akiimba.

Binti yangu aliuliza kila Jumatano jioni. Nikasema bado naangalia. Akaanza kununa.

Ikaja Jumatano ya somo la damu. Tulikuwa tutazame vimelea vya malaria, ugonjwa ambao kila mtoto huku kwetu ameuugua. Alileta picha na rangi ya zambarau, akaeleza kwamba hawezi kumdunga mtoto kidole bila ruhusa ya wazazi, anahitaji mtu mzima mmoja ajitolee, tupate tone moja tuone damu inavyopakwa kwenye kioo. Mwalimu mkuu alikuwa amekuja kutazama. Alipoona sindano, simu yake ikamwita ghafla, ingawa hakuna aliyeisikia ikilia. Akatoka. Darasa lote likanigeukia.

Siku hiyo sikuwa sawa tangu asubuhi. Kichwa kilikuwa kizito na viungo vinaniuma, nikasema ni uchovu wa kusahihisha. Nikaenda mbele. Yeye akaweka sindano na pamba mezani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ubao, akaanza kunielekeza kupitia yule tarishi. Nikajidunga mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili tone likatoka. Nikaligusisha kwenye kioo, nikakiacha mezani, nikaketi benchi la mbele.

Alipaka damu, akaikausha, akaitia rangi, akaisuuza, akaiweka chini ya hadubini. Alitazama kwanza yeye. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akajiondoa, akakitoa kile kioo, akaweka kingine alichokuja nacho kutoka Alupe, akawaambia watoto wapange foleni.

Mimi nikaelewa. Alinigeukia, macho sakafuni, na kwa mara ya kwanza hakutumia tarishi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nenda upimwe leo. Si kesho."

Nikasimama kwa hasira, maana niliona aibu, mkwe kujua yaliyo ndani ya damu yangu kabla yangu. Nilipopiga hatua, darasa likazunguka. Nikamwona akiruka kutoka ubaoni, mikono mbele, tayari kunidaka. Na mimi, hata sijui ni akili gani ya mtu anayeanguka, nikainua mkono nikasema, "Usiniguse."

Akasimama palepale. Nikaanguka. Bega lilipiga pembe ya benchi, na wasichana wakaja kuninyanyua huku wanalia.

Mambo yaliyobaki nilikuwa nikiyasikia kwa mbali. Kijana aliwaita boda wawili. Mimi nikabebwa na mmoja, mwalimu mwenzangu wa kike akinishika kwa nyuma, naye akafuata na yule mwingine mpaka zahanati. Malaria ilikuwa imenijaa. Nilitundikiwa maji, nikafungwa bega, na mkwe wangu akakaa nje kwenye ngazi siku nzima, kwa kuwa hawezi kuingia nilikolala.

Basi maneno yakaanza. Mwalimu mkuu alisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwamba mtu anayemwacha mama aanguke mbele ya watoto hafai kurudi shuleni kwake. Senge, yaani shangazi yake binti yangu, alikuja na kuku kushangilia. Alisema huyo ndiye mkwe, amelelewa akaleleka, angekuwa mwingine angenikumbatia darasani kisha tutafute mbuzi wa kutakasa. Mmoja anamtukana, mwingine anamsifu, kwa jambo lile lile moja. Nami katikati, bega limefungwa, sijui nimkasirikie au nimshukuru. Nilikuwa nimemkataza, naye akanisikia. Lakini bega liliuma, na kila lilipouma nilimkasirikia.

Jioni moja nikiwa nimepata nafuu, binti yangu aliketi ukingoni mwa kitanda changu. Watu wa Angurai walikuwa wametuma neno kwamba wamengoja vya kutosha.

"Mama, sikuulizi habari za heshima," akasema. "Siku nitakayoanguka mimi, nikasema asiniguse, ataniacha?"

Nikasema sijui, na ilikuwa kweli. Akatoa simu akampigia palepale, akaiweka kwa sauti ya juu. Nilimkonyeza aitoe, akakataa. Akamuuliza swali lile lile.

Kijana akasema, "Wewe nitakushika. Utanikasirikia baadaye."

"Na mama?"

Nikasikia anavuta pumzi, na sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Mama alinikataza. Mpaka leo silali. Sijui kama nilimheshimu au nilimuogopa. Sijui, kwa kweli."

Aliyemvunja binti yangu mkubwa jino alikuwa na jibu la kila kitu, siku zote, hata siku ile ya jino. Nilimnyang'anya binti yangu simu. Sikuongea na mkwe, hilo sikuliweza, nikaizima. Kisha nikamwambia binti yangu awaambie watu wa Angurai waje.