Kikohozi cha Mama Mkwe Kwenye Uwanja wa Ndege

Kabla hujaanza kucheka, ngoja. Najua Kitale nzima wananiita mtu wa chumvi. Nikisema nimeona nyoka, watu huuliza kwanza kama alikuwa amevaa kofia. Sawa, nimekubali. Lakini hiki ninachokwambia leo chumvi nimeiacha jikoni. Kilitokea, kilinitokea mimi, mchana kweupe, katikati ya watu wengi kuliko nzige. Ukiona nakudanganya, nenda sokoni umuulize Mama Shiru anayeuza vitambaa vya pazia. Yeye ni mtu wa kanisa na haapi ovyo.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu ya mulika mwizi ikiwa bado ni fahari ya mtu. Mimi nilikuwa bawabu kule Dubai, nalinda jengo refu mpaka mawingu yanaomba ruhusa kupita. Mke wangu Nekesa nilimwacha Kitale na watoto. Kwao ni Kibabii, hapo Bungoma, na kwao wana jambo moja wanalolishika kama dini: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, wewe mkwe unaruka mtaro, unaingia kwenye mahindi, unageukia ua mpaka mama apite. Na yeye kwa huruma yake anakohoa kutoka mbali, ili upate nafasi ya kukimbia. Haya hiyo haiishi mpaka siku mama mwenyewe aseme imetosha. Siku hiyo unampelekea blangeti, unamfunika mabegani kwa mkono wako, na hapo ndipo mnaonana uso kwa uso.

Sasa mama mkwe wangu, Mayi tulivyomwita, alikuwa mcheshi. Nilipopeleka ujumbe kwamba nimenunua blangeti Kitale, alimtuma Nekesa aniambie hivi: huyo mtu asinichezee, blangeti la Kitale linatoa manyoya kama kuku mgonjwa, uso wangu si wa bei hiyo, alete zito. Nekesa alicheka siku nzima. Basi miaka yote ya ndoa yetu, Mayi nilimjua kwa mgongo tu. Kitambaa cha kijani kichwani, fundo karibu na sikio la kushoto. Mguu wa kulia anaukokota kidogo. Na kile kikohozi: kifupi, kikavu, mara mbili, kama mtu anayegonga mlango. Hata leo nikikisikia kati ya watu elfu moja nakijua.

Halafu akaugua. Nekesa alimleta hospitali moja ya Kitale ili amtunze kwa karibu. Siku moja simu ikalia nikiwa kazini, Nekesa akaniambia bila salamu, "Mayi anaitisha blangeti."

Nikauliza daktari amesema nini.

"Daktari amesema tukae karibu. Wewe njoo. Akienda bila kukuona, Baba Wafula, hutakanyaga boma letu tena, hata kumzika. Hata kaburi lake utalizunguka kwa mahindi."

Unaona uzito wa maneno hayo? Haya ikibaki, inabaki milele. Hakuna mtu wa kuiondoa kwa niaba ya maiti.

Nilinunua blangeti zito la kitanda kikubwa, lile la kuja na mfuko wake wa plastiki wenye zipu, lenye picha ya simbamarara. Zito bana, lingeweza kufunika Mlima Elgon na Kapsokwony yake yote, wazee wakalala joto. Nikaomba ruhusa, nikapata tiketi: ndege kubwa mpaka Nairobi asubuhi, halafu kandege ka propela mpaka Kitale. Hako kandege hakakuwa kanaruka kila siku. Ukikakosa, ni basi, unafika kesho yake. Na kesho hatukuwa nayo.

Kwenye ndege niliketi na huyo Mama Shiru. Alikuwa ametoka kununua bidhaa, naye alikuwa anaelekea Kitale kwa kandege hako hako. Tulichelewa kuondoka Dubai, sijui kulikuwa na nini, na tulipofika juu ya Nairobi tukazungushwa hewani kama wanaotafuta mlango. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti, goti linacheza lenyewe. Mama Shiru akanishika mkono, akasema, "Tulia, Baba Wafula. Hata ukimsukuma rubani haitaenda mbio."

Tulipotua, nilikuwa wa kwanza kusimama, na bado nikatoka wa katikati. Ukumbi wa kugongewa pasipoti ulikuwa umejaa. Foleni ya sisi raia ilikuwa ndefu kama gari la moshi la mizigo pale Webuye, na haisogei. Nikajipanga na Mama Shiru wangu, natazama saa, natazama foleni, natazama saa.

Ndipo nikasikia kikohozi. Kifupi, kikavu, mara mbili.

Niamini, mwili wangu uliruka kabla ya akili. Nikainua macho na kumwona mbele kidogo, karibu na nguzo, amenipa mgongo: kitambaa cha kijani, fundo kwa sikio la kushoto. Akaanza kurudi nyuma polepole kuelekea kwetu, mguu wa kulia anaukokota. Sasa wewe ungefanya nini? Ungesema ni mama mwingine tu, vitambaa vya kijani viko vingi Kenya hii? Mimi pia nilijiambia hivyo. Lakini miguu haikusikiliza. Nilifunika uso kwa blangeti, nikatoka kwenye foleni, nikakimbilia upande wa mwisho kabisa wa ukumbi, watu wananikemea. Na pale mwisho, afisa wa pasipoti alikuwa ndio anaketi na kufungua dirisha. Akaninyoshea mkono. Nikagongewa muhuri kabla hata sijahema.

Nikaona ni bahati. Nikakimbia kwenye mikanda ya mizigo. Watu wa ndege yetu wote walikuwa wamezunguka mkanda mmoja, na mkanda wenyewe umelala. Nikajipenyeza mpaka mbele. Kohoo, kohoo. Yuko pale, upande wa pili wa mkanda, mgongo kwangu, anarudi nyuma kuzunguka kuja kwangu. Jamani! Nikajitoa pale nikiinama kama mwizi wa kuku, nikaenda kona ya mbali kwenye mkanda mwingine uliozimwa, nikajificha nyuma ya toroli. Na nilipoangalia chini, ni nini hiki? Sanduku langu, lenye kamba nyekundu aliyoifunga Nekesa. Limetupwa sakafuni pamoja na mizigo ya ndege nyingine. Ningesubiri kule kwingine mpaka mvi zianguke.

Hapo moyo ulianza kunienda vibaya. Bahati mara moja ni bahati. Mara mbili ni nani?

Lakini haraka haikunipa nafasi ya kuogopa vizuri. Nikatoka nje na sanduku mkono mmoja na simbamarara mkono mwingine. Mama Shiru, aliyekuwa amenifuata kwenye lile dirisha jipya, akanifikia akihema. Mizigo yake ilikuwa inatumwa kwa njia nyingine, hakuwa na cha kungoja. Mbele yetu kulikuwa na kibao kikubwa chenye mshale: ndege za ndani, kushoto. Na mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, cheti changu kimetundikwa sebuleni. Kibao nakisoma mpaka nukta. Tukashika kushoto.

Hatukufika mbali. Akatokea mbele yetu kwenye ile njia nyembamba, na safari hii hakukohoa kwa upole. Alikohoa kwa hasira. Alikuwa anakuja kinyumenyume, mgongo ukijaza njia nzima, kitambaa cha kijani kikikaribia. Nikageuka kulia.

"Wewe, unaenda wapi?" Mama Shiru akauliza. "Si kibao kinasema huku?"

Nikamwambia siwezi kupita hapo, mama mkwe wangu yuko njiani.

Akatazama ile njia. Akanitazama mimi. "Baba Wafula, hapo hakuna mtu."

Unasikia? Hakuna mtu. Nikaona nywele za mkono zikisimama moja moja. Lakini yeye kushika njia na mimi kumpisha mama mkwe ni mambo mawili. Yeye akaenda kushoto akitikisa kichwa, mimi nikakimbia kulia, machozi karibu yatoke, kwa sababu nilijua kabisa naenda kinyume, na Kitale yangu inaniponyoka. Kila nilipotaka kupunguza mwendo, kohoo, kohoo, nyuma ya kisogo changu. Nilifukuzwa kama ndama anayerudishwa zizini. Nikazunguka jengo, nikapita kwa watu waliokuwa wanapakua maboksi, nikaingia mlango wa kwanza uliokuwa wazi.

Msichana mwenye fulana ya ile kampuni ya kandege alikuwa anakunja meza yake. Akaniuliza kama ni Kitale. Nikaitikia kwa kichwa tu, pumzi haikuwepo. Akasema nina bahati, maana asubuhi hiyo walikuwa wamehamishiwa mlango huu na kibao hakijabadilishwa, abiria wamepotea. Akatazama lile blangeti, akataka kusema neno kuhusu uzito, halafu sijui aliona nini usoni mwangu. Akanipitisha.

Nilipoketi kwenye kandege nilichungulia dirishani. Alikuwa amesimama pale kwenye lami, mgongo kwetu, ameshika kitambaa chake kisipeperushwe na upepo wa propela. Hakuna mfanyakazi aliyemwambia ondoka. Nilifumba macho na sikuyafungua mpaka mashamba ya Trans-Nzoia.

Pikipiki ilinipeleka hospitali. Mlangoni mwa wodi nilisimama, maana bado ilikuwa haramu mimi kuingia alipo. Nekesa alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na karai la maji ya moto, anamkanda mama yake miguu. Hakuniuliza hata safari.

"Tangu asubuhi analia miguu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anakohoa na kulia miguu. Na mwezi mzima hajashuka kitandani. Ebu ona."

Nikaona. Nyayo zilikuwa nyeusi, zimevimba, za mtu aliyetembea lami mchana kutwa. Na maji ya karai yalikuwa meusi.

Sijui nilivukaje ule mlango. Nilifungua zipu, nikalitoa blangeti, nikamfunika mabegani kwa mkono wangu, macho bado chini. Nikasubiri. Mkono wake mwembamba ukanishika kidevu, ukakiinua. Basi nikauona uso wa Mayi. Uso mdogo, wa mviringo, macho ya mtu aliyefanya utundu akafaulu. Nekesa wangu kabisa, akiwa mzee.

Akalipapasa lile blangeti, akaguna kwamba hili sasa ni zito. Halafu akasema, polepole, Nekesa akisikia:

"Ile nyumba ya vioo ni kubwa, mkwe. Na wewe una kichwa ngumu. Nakufukuza huku, unataka kule."

Nekesa alidhani ni homa inayoongea. Mimi sikudhani kitu. Nilikaa sakafuni.

Alienda siku iliyofuata alfajiri, akiwa ndani ya lile blangeti. Mama Shiru alikuwa bado yuko kwenye basi. Kandege alikakosa, akisimama mbele ya mlango uliofungwa, chini ya kibao. Tulipokutana sokoni baadaye aliniambia aliponiona nafunika uso kwenye foleni na kuipisha hewa, alijua Dubai imenila akili. Nikamweleza. Hakucheka. Aliketi kwenye marobota yake na kuomba.

Tulimzika Mayi Kibabii, na mimi niliingia boma kwa mlango wa mbele, kichwa juu, nikatia udongo kwa mkono wangu. Ungesema mambo yameisha. Mimi pia nilisema hivyo.

Lakini bado anakohoa.

Si kila siku. Nikiwa njiani, natembea zangu, kohoo, kohoo, mbele yangu, na mwili unageuka wenyewe. Juzi ilikuwa njia panda ya Webuye. Nilikuwa nashika njia ya kwenda nyumbani, nikasikia, nikapisha, nikalala kwa rafiki. Kesho yake niliuliza kila mtu kama kulitokea ajali, wizi, hata mti kuanguka. Hakuna. Sijui niliepushwa na nini. Nekesa anasema nishukuru, mama anatulinda. Ananiambia hivyo akiwa ameshika mlango, hanitazami.

Mimi nasita kushukuru, kwa sababu haya iliisha, sivyo? Blangeti alipokea, uso nikauona. Hana sababu tena ya kunipisha wala mimi kumpisha. Basi ananifukuzia nini? Mara ya kwanza alinizungusha kote kule kunifikisha kwenye kitanda chake cha kufia. Sasa ananizungusha kunifikisha kwenye kitanda cha nani?

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, kama una mkwe ambaye hujamwonyesha uso, nenda kesho, na blangeti liwe zito. Na siku ukiwa mbioni, kibao kinasema huku, halafu usikie mtu anakohoa mara mbili na hakuna mtu, mpishe, usibishane. Lakini ukishapisha, tafadhali, kabla hujaingia ule mlango ulio wazi, tazama kwanza unakopelekwa.